Alisema, Kasema, Eti Kasema: Jinsi Tunavyobeba Maneno ya Watu

Rehema ameahidi kuja. Wewe umemsikia, mimi sikuwepo, nawe unaniletea habari. Unaweza kusema, "Rehema kasema anakuja." Unaweza kusema, "Rehema alisema kwamba atakuja." Au, "Rehema eti anakuja." Au ukamwigiza kabisa, kwa sauti yake na mabega yake: "Nakuja mbona, we subiri tu!" Habari ni ileile, lakini mimi niliyeipokea nimeshajua zaidi ya ujio wa Rehema. Nimejua kama unamwamini. Nimejua kama inafaa nimpikie. Na asipotokea, nimejua nimlaumu nani kati yenu.

Hapo kwenye lawama ndipo penye uzito wa jambo hili. Vitabu vya sarufi huuweka usemi wa taarifa kwenye sura ya kubadili sentensi, kana kwamba ni zoezi la nafsi na nyakati tu. Mimi naona ni suala la dhamana. Kila tunaponukuu tunaamua nani abebe maneno: aliyeyatamka kwanza, anayeyasimulia, au asiwepo wa kuyabeba kabisa. Na namna za kuamua hivyo hazikai mahali pamoja. Zimebadilika ndani ya Kiswahili kwa karne nyingi, na zinabadilika sasa hivi kwenye simu zetu.

Chukua "kwamba". Leo ni kiunganishi. Zamani kilikuwa kitenzi, "kuamba", maana yake kusema. Kitenzi hicho kimekaribia kutoweka katika Kiswahili sanifu, ila uzao wake upo: ukisema "niambie" au "wakaambiana" unakitumia, kikiwa kimevaa kiambishi cha kutendea. Katika tenzi za kale za pwani ya kaskazini, huko Lamu na Pate, utamkuta mtu "akamba", yaani akasema. Kwa hiyo kwa sikio la kale "alinena kwamba" ilikuwa vitenzi viwili vya kauli vilivyofuatana, cha pili kikitangulia maneno yenyewe. Kitenzi cha kusema kugeuka kiunganishi si jambo la Waswahili peke yao. Waewe wa Ghana na Togo wana "be", nacho ni kitenzi cha kusema kilichopita njia hiyohiyo.

Kitenzi kikishaanza kutumika hivyo, maana yake hupungua kidogo kidogo hadi hakuna anayeikumbuka. Tunasema "najua kwamba", "naogopa kwamba", "ni kweli kwamba", na katika zote tatu hakuna aliyefungua kinywa. Tunasema "kana kwamba" kwa jambo ambalo hata halipo. Mzizi huohuo ndio umetupatia "ambaye" na "ambacho", ambavyo havina tena harufu yoyote ya kunukuu.

Lakini kuna badiliko jingine la "kwamba" ambalo halitajwi sana. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili limeanza kuachwa. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akiwa kibarazani atasema "kaniambia hana nafasi", si "ameniambia kwamba hana nafasi". Anayetia "kwamba" katika maongezi ya kawaida huwa na sababu: anatoa hotuba, anaandika barua, anahojiwa, au anataka maneno yake yakumbukwe. Mama akimwambia mwanawe "nakwambia kwamba hutoki leo", mtoto anajua mjadala umekwisha.

Upande wa pili yupo "eti", au "ati" kwa watu wa pwani ya kaskazini na wengi wa Kenya. Huyu ana ukoo mkubwa. Lugha nyingi za Kibantu zina mzizi "-ti" wa kunukulia. Waganda husema "yagambye nti", alisema kwamba. Wakikuyu wana "atĩ". Wazulu wana "ukuthi", Wachewa wa Malawi "kuti". Kinyarwanda na Kirundi bado huunyambua kwa nafsi kama kitenzi: "nti" nikisema mimi, "uti" ukisema wewe, "ati" akisema yeye, "bati" wakisema wao. Mwanaisimu wa Ujerumani Tom Güldemann, aliyechapisha mwaka 2008 uchunguzi mpana wa vinukuzi, yaani maneno ya kutangulizia nukuu, katika lugha za Afrika, alionyesha kwamba vinukuzi vingi havikutokana na vitenzi vya kusema kabisa. Vingine vimetokana na maneno ya "hivi", "kama", au "kuwa". Nalichukulia hilo kwa uzito, kwa sababu linatukumbusha kwamba kunukuu si kusema tu. Ni kuonyesha pia.

Katika Kiswahili cha Tanzania "eti" haimnukuu mtu bila kumnyooshea kidole. "Anaumwa" ni habari. "Eti anaumwa" ni habari pamoja na nyusi zilizoinuliwa. Msimulizi anakabidhi maneno na wakati huohuo anajitoa: mimi nimeyaleta, lakini si yangu. Ikisemwa peke yake, "Eti!", ni dharau. Ikiwekwa mwanzoni mwa swali, "Eti mama, ni kweli kesho hakuna shule?", inageuka kuwa ombi la uthibitisho: nimesikia hivi, nihakikishie. Kazi zote tatu zina mzizi mmoja, maneno yaliyopokewa ambayo msemaji hajakubali kuyamiliki.

Nairobi mambo yamekwenda kwingine. Sentensi kama "aliniambia ati atachelewa" hutamkwa huko bila shaka yoyote ndani yake, na "ati" inafanya kazi ya "kwamba" tu. Sidhani ni bahati nasibu kwamba hilo limetokea katika mji ambao wakazi wengi wana Kikuyu nyumbani, lugha ambayo "atĩ" yake ni kiunganishi kisicho na kejeli. Tokeo lake ni kwamba Mkenya anaweza kutoa taarifa ya kawaida kabisa na Mtanzania akasikia dhihaka. Nimeona watu wakikasirikiana hivyo, wote wakiwa na haki.

Kongo kuna jambo la namna hiyo pia. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi husema "aliniambia kama atakuya", akimaanisha ameahidi kuja. Msikilizaji wa Tanga atasikia sharti na kungoja mwisho wa sentensi: kama atakuja, ndiyo nini? Hakuna mwisho. "Kama" ya Kongo imeshika nafasi ya "kwamba".

Sasa tuingie darasani, maana hapo nina la kulalamikia. Katika mtihani wa Kiswahili wa sekondari nchini Kenya swali la usemi halisi na usemi wa taarifa ni la kawaida, na Tanzania nako mada hiyo hufundishwa. Mwanafunzi hupewa sentensi hii: "Nitawaletea matokeo kesho," mwalimu alisema. Jibu linalotakiwa Kenya ni: Mwalimu alisema kwamba angewaletea matokeo siku iliyofuata. "Kesho" kuwa "siku iliyofuata" ni sawa, kwa sababu msimulizi wa mwezi ujao hawezi kusema kesho. "Hapa" kuwa "hapo", "hili" kuwa "hilo", sawa pia. Lakini "-ta-" kuwa "-nge-" imetoka wapi?

Kiswahili hakihitaji kurudisha wakati nyuma namna hiyo. Njeo, yaani wakati wa kitenzi, ya kauli iliyonukuliwa hupimwa kutoka pale aliponena mwenye maneno. "Alisema anaumwa" maana yake alikuwa mgonjwa wakati akisema. "Alisema aliumwa" maana yake ugonjwa ulikuwa kabla ya hapo. "Alisema ataumwa", kwa mtu aliyekula embe bichi mno, maana yake aliutarajia. Njeo tatu, maana tatu, hakuna utata. "-nge-" yetu ni ya sharti: "angekuja tungemwona", na hatukumwona. Ukisema "alisema angekuja", sikio la Mswahili linaanza kutafuta kikwazo kilichomzuia. Kanuni ya "-nge-" inafanana mno na ile ya Kiingereza ya kurudisha njeo nyuma, na naamini ilitoka huko, kwa waandishi wa vitabu waliojifunza sarufi kwa Kiingereza kwanza. Wapo waandishi wazuri wa hadithi wanaoitumia ndani ya masimulizi marefu, na humo haikwaruzi. Kumkosesha mtoto alama kwa kuandika "alisema kwamba atawaletea", hilo ni kumwadhibu kwa kujua lugha yake.

Usemi wa taarifa wa Kiswahili una udhaifu wake wa kweli, na walimu wangefanya vyema kuufundisha huo. "Asha alimwambia Rehema kwamba amefaulu." Nani amefaulu? Kiambishi "a-" hakisemi. Hakitofautishi hata mwanamke na mwanamume. Sentensi moja tu ya namna hiyo katika barua ya ukoo inaweza kuzua mkutano. Dawa ambayo wasemaji wameitumia daima ni kuacha taarifa na kurudia maneno yenyewe: Asha akamwambia Rehema, "Nimefaulu!" Utata umekwisha.

Ndiyo maana masimulizi ya Kiswahili yamejaa kauli halisi. Katika ngano kila zamu ya kusema ina kitenzi chake chenye "-ka-": Sungura akasema, Fisi akajibu, Sungura akamwambia. Bibi anaposimulia huongeza sauti: Fisi ana koo zito, Sungura anasema upesi. Sikiliza sasa mazungumzo ya kawaida kwenye daladala. Kitenzi kimepungua sana. "Namkuta mlangoni. Vipi? Salama. Mbona hupokei simu? Aa, ilizima. Ilizima wiki nzima?" Watu wawili wanazungumza na hakuna hata "akasema" moja, sauti ya msimulizi peke yake ndiyo inayowagawa. Na "-ka-" imeipisha "-na-", kana kwamba jambo linatokea mbele yetu.

Kuna namna nyingine ninayoipenda sana ya Kiswahili cha Bara: "anakwambia". Mtu anasimulia alivyokwenda gereji: "Fundi anakwambia spea haipo mjini nzima." Mimi ninayeambiwa sikuwepo gereji, na fundi hanijui. Hiyo "-kw-" imenivuta ndani ya habari ili nisikie mwenyewe. Ikisemwa kwa wingi, "wanakwambia mchele utapanda", hata msemaji hana jina tena, ila mimi bado nimo.

Vijana wa Nairobi wameleta vyao. Katika Sheng "akanishow" maana yake akaniambia. Neno la Kiingereza la kuonyesha limechukuliwa likapewa kazi ya kusema, na linanyambuliwa vizuri kabisa: nikamshow, wakatushow. Pia utasikia "nikawa like", ikifuatwa na sauti au uso badala ya maneno. Mtindo huo wanaisimu wa Marekani walianza kuuandika miaka ya mwanzo ya 1980 na sasa uko katika miji mingi ya dunia. Wazee wakisikia huona ni uharibifu. Lakini kunukuu uso wa mtu hakukuanza na "like". Waswahili tangu zamani husema "akaguna", "akasonya", na mpaka leo husema "mimi nikabaki 'mh!'", ambapo kilichonukuliwa ni fikra isiyotamkwa. Kijana amebadili kifaa tu.

Yote hayo ni ya mtu anayemtaja mtu. Maneno yasiyo na mwenyewe yana sarufi yake, na hapo ndipo dhamana inapotoweka. Linganisha "inasemwa" na "inasemekana". Ya kwanza ni kauli ya kutendwa, na ukitaka unaweza kuongeza: inasemwa na majirani. Ya pili haikubali nyongeza hiyo. Huwezi kusema "inasemekana na majirani", sarufi inakataa. Umbo la "-ekana" limemfuta mtenda kabisa, na uvumi umepata vazi lake la heshima. Methali inaunga mkono: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali hatari nikiifikiria, kwa sababu haiachi nafasi ya lisemwalo kuwa uongo.

Waandishi wa habari wanalijua umbo hili vizuri. Magazeti ya Kiswahili yana zaidi ya miaka mia moja. Mambo Leo pekee lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Katika muda huo yamejenga msamiati wa kunukuu ambao haupatikani kibarazani. "Hayo yamesemwa jana na", kisha cheo, kisha jina. "Akizungumza na mwandishi wetu kwa sharti la kutotajwa jina." "Anadaiwa kuiba", kwa mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani, na hapo tahadhari ni ya lazima. Katika sheria ya kashfa ambayo Kenya na Tanzania ziliirithi kwa Waingereza, anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeitamka. Kusema "nilimnukuu tu" peke yake si kinga.

Palipo na kasoro ni kwenye vitenzi. Mwandishi anaogopa kurudia "alisema" mara kumi, hivyo anatafuta visawe: alibainisha, alisisitiza, alifichua, alidai, alikiri. Hivyo si visawe. Anayebainisha anaeleza jambo la kweli; anayefichua anatoa la kweli lililofichwa; anayekiri ana kosa; anayedai huenda anadanganya. Habari ikiandika kwamba waziri alibainisha barabara imekamilika na mbunge wa upinzani alidai haijakamilika, mwandishi ameshatoa hukumu bila kufika barabarani. "Alisema", hata ikirudiwa mara ishirini, haimwonei mtu. Ningependa kila mhariri aiamini.

Jamii ya Waswahili ina mfano wa kale wa kunukuu kwa uangalifu mkubwa kuliko wa magazeti. Katika elimu ya hadithi za Mtume, matini haisimami bila sanad, yaani mlolongo wa waliopokezana. Katika vitabu vya Kiswahili huanza hivi: imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume amesema. Nyuma ya "imepokewa" hiyo kuna majina: nani alisikia kwa nani, hadi kwa mkusanyaji kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870. Wanazuoni walimchunguza kila mpokezi, je, alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwaje, aliwahi kukutana na anayedai kumsikia? Mnyororo ukikatika au mpokezi akiwa na dosari, hadithi inaitwa dhaifu, hata maneno yake yawe mazuri vipi.

Linganisha na ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya ukoo na ya vikoba: "Nimeituma kama nilivyoipokea." Kitenzi ni kilekile, kupokea, lakini mnyororo hauna jina hata moja. Kila mtu anajitoa, na dawa ya kisukari ya majani fulani inafika kwa watu elfu bila mtu yeyote aliyeisema. Mwaka 2018 WhatsApp ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na Aprili 2020, janga la korona likiwa limepamba moto, ikazuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, kampuni iliongeza "eti" ambayo watumaji waliiacha. Kwenye ugomvi wa watu wawili mambo ni kinyume: hakuna anayekubali tena "alisema hivi". Anadaiwa skrinshoti au voisi. Watu wamezoea ushahidi wa maneno yenyewe kiasi kwamba taarifa tupu imeanza kuonekana kama uzushi.

Mahakama ilitangulia kufikiri hivyo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inataka shahidi aseme alichokiona au alichokisikia mwenyewe. Wengi hudhani hiyo ina maana huwezi kabisa kurudia maneno ya mtu kizimbani. Si hivyo. Ukieleza kwamba ulimsikia jirani akimtishia mkewe, na kinachotafutwa ni kama tishio lilitolewa, wewe ni shahidi wa moja kwa moja, ulisikia. Ukieleza kwamba jirani alikwambia Juma ndiye aliyeiba ng'ombe, na kinachotafutwa ni nani aliiba, huo ni ushahidi wa tetesi. Aje jirani mwenyewe.

Tofauti hiyo hutegemea neno dogo mdomoni mwa shahidi, na kwa miaka mingi neno hilo lilipotea njiani. Mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini kuanzia ya wilaya kwenda juu shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. "Eti alimwona", "anasema alimwona", "kasema kamwona": mkono unaoandika lugha nyingine kwa haraka utaziweka zote katika sentensi moja ya namna moja, na jaji wa rufaa hakuwa na kitu kingine cha kusoma. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, isipokuwa pale haki inapohitaji Kiingereza. Sasa kumbukumbu inaweza kubaki karibu zaidi na kinywa cha shahidi. Ombi langu kwa mahakimu na makarani ni kwamba wasiisanifishe. Shahidi akisema "eti", iandikwe "eti". Akisema "anakwambia", aulizwe hapohapo aliyeambiwa ni nani, na jibu liandikwe chini yake.